Mikate ya Punjab na Mapishi ya Kila Siku

Katika maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Bara Hindi, machache yameenea kama neno chapati. Latajwa Lamu na Unguja, latajwa Tabora na Kampala, tena latajwa katika vijiji ambavyo hakupata kukaa Mhindi hata mmoja. Lakini neno likisafiri mbali na kwao, mara nyingi huacha nyuma sehemu ya maana yake. Mtu wa Punjab akialikwa nyumbani kwa Mswahili, akaandikiwa chapati, atakula na kushukuru. Lakini akiulizwa jina la chakula kile kwa lugha yake, hatasema chapati, atasema parantha. Wala hakosei. Basi twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu mikate ya watu hao jinsi ilivyo kwao, pamoja na mapishi yao ya siku zote, na kuonyesha ya kwamba kwao mkate si wa kushibisha tumbo tu. Mkate ndio kipimo cha udugu: nani huketi na nani, na nani hupokea chakula mkononi mwa nani.

Nchi na nafaka zake

Jina la Punjab ni la Kiajemi. Panj ni tano, na ab ni maji. Maana yake ni nchi ya maji matano, yaani mito mitano: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Nchi hiyo ilikuwa moja hata mwaka 1947, utawala wa Waingereza ulipokoma katika Bara Hindi. Ndipo ilipokatwa vipande viwili, upande wa magharibi ukawa wa Pakistan, na upande wa mashariki ukawa wa India. Mji wa Lahore ukabaki upande mmoja na mji wa Amritsar upande wa pili, na kati yao ni mwendo wa kilometa 50 tu. Siku hizi walio wengi upande wa Pakistan ni Waislamu, na upande wa India ni Masikh na Wahindu. Lugha yao ni moja, ila huiandika kwa hati mbili: Gurmukhi upande wa India, na Shahmukhi, iliyo jamaa ya hati ya Kiarabu, upande wa Pakistan. Dini zimetengana na hati zimetengana. Lakini unga, chuma cha kuokea, na majina ya mikate ni yale yale.

Mwaka wa mkulima wa huko una misimu miwili. Msimu wa baridi huitwa rabi: ngano hupandwa mwezi wa Oktoba na Novemba, ikavunwa mwezi wa Aprili, na wakati huo ndipo iangukapo sikukuu ya Vaisakhi. Msimu wa mvua huitwa kharif, nao ni wa mahindi, uwele, mpunga na pamba. Tuseme neno moja juu ya mahindi. Waswahili waliipa nafaka hiyo jina linaloielekeza Hindi, kana kwamba ndiko ilikotoka. Lakini asili yake ni Amerika, na Wahindi wenyewe waliipokea kutoka kwa wageni waliovuka bahari, kama sisi tulivyoipokea. Jina la kitu si ushahidi wa asili yake, na jambo hili litatufaa tena tutakapofika kwenye chapati.

Unga wa ngano huko una majina mawili, wala hayachanganywi. Ata ni unga uliosagwa pamoja na pumba zake, rangi yake ya kahawia hafifu. Huo ndio unga wa kila siku. Maida ni unga mweupe uliochujwa sana; huo ni wa naan, wa vitu vya kukaanga, na wa karamu. Tena kuna besan, yaani unga wa dengu. Mama wa nyumbani wa Punjab ukimpa maida akupikie roti ya kila siku, atakuona kama mtu atakaye kula mkate wa sikukuu siku ya kazi.

Vyombo vya jikoni

Vyombo vya mkate ni vichache. Chulha ni jiko la udongo, ambalo mwanamke wa kijijini hulifinyanga kwa mikono yake, akalisiriba mara kwa mara lisipasuke. Nishati yake ni kuni, mabua ya pamba, au mavi makavu ya ng'ombe na nyati. Siku hizi gesi imeingia katika nyumba nyingi, lakini chulha haijatoweka. Parat ni sinia pana yenye kingo, ambamo unga hukandwa. Chakla ni kibao cha mviringo, na velna ni kijiti cha kusukumia. Tava ni chuma kipana cha mviringo, kilichobonyea kidogo katikati, cha kuokea. Chimta ni koleo refu la kugeuzia mkate usimchome mtu vidole.

Chombo kikubwa kuliko vyote ni tandur. Huu ni mtungi mkubwa wa udongo uliochanganywa na majani makavu, usio na kitako, mwembamba juu na mpana chini, ambao husimamishwa ardhini au hufukiwa nusu. Moto huwashwa ndani yake, na mikate hubandikwa katika kuta zake. Msomaji wa Kiswahili asilione neno hili kuwa geni. Sisi twasema tanuri, tukiwa tumelipokea kwa Waarabu wasemao tannur. Wapunjabi husema tandur, wakiwa wamelipokea kwa Waajemi. Na Waarabu na Waajemi nao walilikuta neno la kale sana, ambalo lilikuwa katika lugha ya Babeli miaka elfu nyingi iliyopita. Kwa hiyo tanuri na tandur ni ndugu waliopotezana njiani: mmoja alikwenda mashariki akabaki na kazi ya mkate, na wa pili alikuja pwani yetu akapewa pia kazi ya kuchoma chokaa na matofali.

Jinsi mkate wa kila siku ufanywavyo

Mkate wa kila siku huitwa roti, au phulka ukiwa mwembamba na uliovimba. Chapati ni jina lake jingine. Hauna hamira, hauna mafuta ndani yake, na nyumba nyingi hazitii hata chumvi. Ata hutiwa maji kidogo kidogo na kukandwa hata uwe laini, kisha hufunikwa ukapumzika, yapata nusu saa. Kupumzika huku si uvivu wa mpishi. Pumba za ata hunywa maji polepole, na ulimbo wa ngano hulegea. Donge lisilopumzika hurudi nyuma likisukumwa, na mkate wake huwa mgumu.

Hapo donge dogo huviringwa, likasukumwa hata liwe duara jembamba la unene ulio sawa, likawekwa katika tava kavu iliyo moto. Upande wa kwanza huokwa kidogo tu, wa pili zaidi kidogo. Kisha mkate huondolewa katika tava na kuwekwa juu ya makaa au mwali wenyewe. Mara huvimba kama mpira. Sababu yake ni hii: nyuso mbili za mkate zimekwisha kukauka na kuziba, na maji yaliyofungwa ndani hugeuka mvuke, ukatafuta pa kutokea, usipate, ukazitenga nyuso hizo mbili. Mkate uliosukumwa vibaya, mnene huku na mwembamba huku, hauvimbi, maana mvuke hupata upenyo. Ndiyo sababu ustadi wa msichana jikoni ulipimwa kwa roti zake: je, ni duara, na je, zimevimba? Zikisha kuiva hupakwa samli kidogo, zikawekwa katika kitambaa zisikauke, na huliwa moto moto. Mpishi hula mwisho, kwa kuwa kila mkate hutoka jikoni ukaenda moja kwa moja katika sahani ya mlaji.

Mkate huu ni wa kale. Katika Ain-i-Akbari, kitabu alichokiandika Abu'l-Fazl mwishoni mwa karne ya 16 juu ya utawala wa mfalme Akbar, mikate ya jikoni mwa mfalme imeelezwa: mikubwa ya tanuri, iliyotiwa maziwa na samli, na myembamba iliyookwa juu ya chuma, mmoja wapo ukitajwa kwa jina la chapati, na kusifiwa uliwapo ungali moto.

Mikate mingine

Parantha hufanywa kwa ata ile ile, lakini donge hupakwa samli, hukunjwa, na kusukumwa tena, ili mkate uwe na matabaka; kisha huokwa katika tava kwa samli au mafuta. Nyingine hutiwa ndani viazi vilivyopondwa, au figili iliyoparuzwa, au koliflawa, pamoja na pilipili mbichi na giligilani. Hiyo ndiyo kifungua kinywa cha mkulima, pamoja na mtindi, siagi na achari.

Roti ya tandur ni nene kuliko phulka. Mwokaji huilowesha upande mmoja kwa maji, huinama juu ya mdomo wa tanuri, na kuibandika ukutani kwa pigo moja la mkono. Ikiiva hung'olewa kwa vyuma viwili virefu. Naan ni ya maida iliyochachishwa, nayo katika miji kama Lahore hununuliwa kwa mwokaji, haifanywi nyumbani. Kulcha ya Amritsar hutiwa viazi na viungo, huokwa katika tandur, na huliwa pamoja na dengu nzima zilizopikwa kwa viungo vikali.

Missi roti ni ya ata na unga wa dengu, pamoja na vitunguu na bizari. Makki di roti ni ya mahindi, na bajre di roti ni ya uwele. Mikate hii ya mahindi na uwele ina taabu yake: nafaka hizo hazina ulimbo kama wa ngano, kwa hiyo donge halisukumwi kwa kijiti. Mwanamke hulikanda kwa maji ya moto, akalipigapiga baina ya viganja viwili hata litanuke, akalihamisha katika tava upesi lisikatike. Tena kuna puri na bhatura, ambazo hukaangwa katika mafuta mengi. Hizo ni za sikukuu na za wageni.

Vitoweo

Mkate ukiwa tayari, kitoweo hakihitaji kuwa kingi. Cha kila siku ni dal, yaani choroko, adesi, au jamii nyingine ya kunde, iliyochemshwa kwa manjano na chumvi hata ilainike. Mwisho mpishi huchemsha samli katika kijungu kidogo, akatia bizari nyembamba, vitunguu, thumu, tangawizi na pilipili, na vikianza kunukia humimina vyote juu ya dal kwa mara moja. Tendo hili huitwa tarka, na nyumba huweza kujulikana kwa harufu ya tarka yake.

Wakati wa baridi chakula kipendwacho kuliko vyote ni sarson da saag, yaani mboga ya majani ya haradali, iliyopikwa polepole kwa saa nyingi pamoja na mchicha, ikapondwa, ikatiwa unga kidogo wa mahindi ili ishikamane, na kuliwa kwa makki di roti na bonge la siagi juu yake. Chakula hiki kimepangwa na majira yenyewe: mahindi yamekwisha kuvunwa, haradali ingali mbichi shambani, na maziwa ni mengi.

Maziwa ndiyo nguzo ya pili ya jiko. Hugandishwa usiku, na asubuhi mtindi hupigwa kwa madhani, yaani mti wa kusukia, hata siagi ipande juu. Siagi hutolewa, ikachemshwa kuwa samli. Na maji meupe yabakiayo huitwa lassi, hunywewa kwa chumvi. Zamani mwenye ng'ombe hakuuza lassi, bali alimpa jirani asiye na mnyama. Nyama huliwa na wengi, hasa upande wa Pakistan, lakini katika nyumba nyingi si chakula cha kila siku.

Mkate na watu

Neno roti, pamoja na kuwa jina la mkate, ni jina la chakula chote. Mpunjabi akiuliza, "Umekula roti?" auliza kama umekula. Na watu wa jamaa mbili waliokubali kuoana husemwa kuwa na uhusiano wa roti na beti, yaani mkate na binti: wanakula pamoja na kuozana. Hapo twaona ukali wa jambo hili. Katika desturi ya matabaka, mtu wa tabaka la juu alikataa mkate uliopikwa na mkono wa mtu wa tabaka la chini, na aliyekataa mkate wako alikuwa amekwisha kukuambia kwamba si mtu mwenzake.

Kwa sababu hii langar ya Masikh ilikuwa jambo zito. Langar ni jiko la watu wote, liliomo katika kila gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada. Mwanzilishi wao, Guru Nanak, aliishi tangu 1469 hata 1539. Na Guru wa tatu, Amar Das, alikaza sheria ya kwamba atakaye kuonana naye, aketi kwanza chini katika mstari mmoja na wengine, ale chakula kile kile. Tajiri hana mahali pa mbele, wala maskini hana mahali pa nyuma. Mkate wa langar huitwa parshada, na mlaji huupokea kwa mikono miwili. Wapishi ni watu wa kujitolea, waume kwa wake, na mgeni wa dini yo yote hulishwa bila malipo. Katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar hulishwa hivyo makumi ya maelfu ya watu kila siku. Wasomaji wetu hawana haja ya kwenda mbali kuona desturi hiyo: kule Makindu, katika njia iendayo Mombasa kutoka Nairobi, gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 hulisha wasafiri hata leo.

Kijijini kulikuwa na desturi nyingine, isiyo ya dini. Tandur haikuwa ya nyumba moja. Jioni wanawake walibeba madonge yao mpaka tanuri la mtaa, liitwalo sanjha chulha, maana yake jiko la shirika, wakangoja zamu, na habari za kijiji zikapita pale. Kuni zilitumika kidogo, na mazungumzo yalikuwa mengi. Mwaka 1947 watu zaidi ya milioni 10 walivuka mipaka mipya ya Bara Hindi, na wengi sana walikuwa Wapunjabi. Waliokuwa wakioka katika tanuri moja wakauana au wakakimbiana. Wakimbizi walioingia Delhi walikwenda na ufundi wa tandur, na kwa mikono yao vyakula vya tandur vikapata sifa katika mji ule, na baadaye ulimwenguni. Mgeni ale naan London au Nairobi, na akumbuke ya kwamba mkate huo ulienezwa sana na watu waliopoteza nyumba zao.

Mabadiliko ya ngano

Baada ya mwaka 1960 India ilipatwa na upungufu wa chakula, na mbegu za ngano fupi kutoka Mexico, kazi ya Norman Borlaug, zikaletwa Punjab. Mavuno yaliongezeka sana. Lakini mbegu za kwanza zilikuwa na punje nyekundu, na walaji hawakuzipenda, maana mkate wake ulikuwa mweusi mno kwa jicho lao. Basi wataalamu wa India hawakuwa na budi kuchagua na kuzalisha ngano fupi zenye punje za rangi ya kaharabu, kama Kalyan Sona, ndipo zikakubaliwa kabisa. Roti ya kila siku ilikuwa imewashinda wataalamu, wakaifuata.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama. Upande wa India mpunga ulichukua mahali pa mahindi na uwele, kwa kuwa serikali iliununua kwa bei iliyowekwa, ingawa Wapunjabi wenyewe ni walaji wa mkate. Mpunga hunywa maji mengi, na visima vya nchi ya maji matano vinazidi kwenda chini. Makki di roti, iliyokuwa chakula cha maskini, sasa huagizwa katika hoteli kama kumbukumbu ya zamani.

Mkate uliovuka bahari

Tangu 1896 hata 1901, kazi ya kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria ilileta wafanya kazi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walikuwa Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa. Wengi walirudi kwao. Elfu kadha walibaki, wakawa mafundi, makarani na wenye maduka. Masikh waliokuwa miongoni mwao ndio walioitwa Makalasinga au Masingasinga. Si wao peke yao waliotuletea vyakula vya Kihindi, kwa maana Wagujerati na Wakachi walikuwa wakifanya biashara pwani tangu zamani. Lakini ndio waliooka roti kambi kwa kambi katika njia ya reli hata bara.

Sasa turudi kwenye neno letu. Chapati ya Kiswahili hufanywa kwa unga mweupe, hutiwa mafuta, hukunjwa iwe na matabaka, na huokwa kwa mafuta. Kwa kila alama hiyo ni parantha, ila jina lake ni la phulka. Tena daraja yake imegeuka. Kwao chapati ni mkate wa siku zote, kama ugali kwetu. Huku, kwa kuwa unga wa ngano ulinunuliwa kwa fedha, nyumba nyingi zilipika chapati siku ya Idi au Krismasi, au alipokuja mgeni. Siku hizi imeshuka tena njiani: huuzwa asubuhi pamoja na chai, na kule Uganda huviringishiwa mayai na kuitwa rolex.

Je, tuseme Waswahili wamekosea? Hasha. Lugha ikipokea neno hulifanya lake, na chapati yetu sasa ina haki ya jina lake kama mahindi yalivyo na haki ya jina lao. Lakini mfasiri na mwalimu wajihadhari. Wakikuta katika kitabu cha Punjab maskini anayekula chapati kavu kwa chumvi, wasidhani anakula karamu. Na wakimkaribisha Mpunjabi kwa chapati za siku ya furaha, wajue ya kuwa yeye aona chakula kizuri, lakini haoni heshima aliyofanyiwa. Ni vema basi kumwambia kwa maneno ya kwamba kwetu mkate huu ni wa mgeni. Ataelewa mara, maana kwao pia mkate husema zaidi ya kinywa.